Jinja au Mbale: Pa Kuishi Mashariki mwa Uganda

Mmarekani anayetaka kuhama huanza na jimbo. Texas na Florida hazitozi kodi ya mapato ya jimbo. Massachusetts inatoza, lakini huko mshahara wa chini kisheria ni dola 15 kwa saa, wakati Texas inafuata dola 7.25 za serikali kuu, kiwango ambacho hakijaguswa tangu 2009. Kila jimbo lina bunge lake, mahakama zake na sheria zake za shule, na anayevuka mpaka ni kama amehamia nchi nyingine. Waganda waliotia nanga Waltham, mji ulio jirani na Boston, wanayajua mahesabu hayo vizuri. Na ndio hao hao, wakishajikusanyia akiba, wanaopiga simu nyumbani na swali ambalo kila ukoo wa mashariki mwa Uganda umelisikia: nijenge wapi, Jinja au Mbale?

Swali hilo huulizwa pia na mwalimu aliyepata uhamisho, na kijana aliyemaliza chuo, na mama mjane anayetaka kuuza shamba la kijijini asogee mjini kwa ajili ya shule za watoto. Majibu wanayopewa kwa kawaida ni ya mapenzi: Jinja kuna upepo wa ziwa na barabara pana zenye miti, Mbale kuna chakula na mlima. Yote ni kweli, lakini mtu hajengi juu ya sifa.

Kwetu hakuna jimbo lenye sheria yake. Kodi ya mapato inakusanywa na URA, mamlaka ya mapato, kwa viwango vilevile pande zote. Mwalimu wa sayansi mwenye shahada, ambaye serikali ilimpandishia mshahara hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi mwaka 2022, anapokea kiasi kilekile awe anafundisha Mwiri kule Jinja au Nabumali kule Mbale. Shirika la taifa la maji lina bei moja kwa miji yote. Umeme nao bei yake inapangwa Kampala, na anayelala akisikia maji yakinguruma kwenye bwawa la Nalubaale huko Jinja hapunguziwi hata shilingi moja kuliko aliye chini ya mlima Wanale huko Mbale. Hata hadhi ya jiji ilikuja kwa pamoja: Julai 2020 Jinja na Mbale zote ziliitwa majiji.

Sheria na kodi zikiwa sawa, tofauti inabaki kwenye mambo manne: kazi, chakula, ardhi na maji. Nayaweka kwa mpangilio huo wa umuhimu kwa sababu watu wengi huyachukua kinyume. Wanaanza na kiwanja, wanajenga, ndipo wanatafuta cha kula.

Tuanze Jinja, na tuanzie Wanyange, kwa kuwa huko ndiko macho ya wanunuzi wengi yalikoelekea.

Ukitoka katikati ya Jinja kwa barabara kuu ya Iganga unapita Bugembe, penye makao makuu ya ufalme wa Busoga na kanisa kuu la Anglikana, halafu mkono wa kulia ardhi inainuka. Hicho ndicho kilima cha Wanyange. Shule ya wasichana ya Wanyange ina jina kubwa tangu zamani, na Holy Cross Lake View nayo iko papo hapo. Upande wa pili mteremko unashuka hadi Ziwa Viktoria, na asubuhi yenye anga safi unaona mitumbwi ya wavuvi ikirudi. Ni mahali pazuri, hilo halina ubishi. Palikuwa kijiji cha mihogo, mahindi na kahawa, leo ni sehemu ya jiji, na migomba inakatwa kupisha msingi wa nyumba.

Faida za Wanyange zinaonekana kwa macho. Mtu anayefanya kazi mjini anachukua boda hadi barabara kuu, anapanda teksi ya Bugembe, na ameshafika. Mtoto wa sekondari anaweza kusoma shule yenye jina bila kulala bweni. Hospitali ya rufaa ya Jinja iko karibu, na wodi ya watoto ya Nalufenya pia. Upepo wa ziwa hupunguza joto, na kilima kinakuepusha na tope la mabondeni.

Lakini kilima kina pande mbili. Aliyenunua juu anahangaika na maji ya bomba kupanda hadi kwake, na aliyenunua chini anapokea maji ya mvua ya majirani wote walio juu. Zamani mteremko ulikuwa na majani na mashamba yaliyoyanywa maji hayo. Sasa kila paa la bati linamwaga mtaroni, na mtaro wenyewe mara nyingi ni njia ya miguu iliyochimbika. Nenda baada ya mvua kubwa ya Aprili uangalie kingo za njia: utaona mizizi ya miembe iko nje, na mahali pengine ufa wa kumeza gurudumu la pikipiki. Hapo ndipo unapojua gharama ya kuishi kwenye kilima, kwa sababu ukuta wa kuzuia udongo unaweza kula fedha uliyodhani ni ya paa.

Kisha kuna ufuko. Viwanja vinavyogusa maji ndivyo vinavyopigiwa kelele zaidi na madalali, na ndivyo ningemkataza ndugu yangu kwanza. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinahifadhi eneo la mita 200 kutoka ufuko wa Ziwa Viktoria na mita 100 kutoka kingo za Nile. Ukipima mita 200 kwa hatua zako kutoka majini kwenda juu, utashangaa ni nyumba ngapi zimo ndani. Mwaka 2020 ziwa lilipanda likafikia kimo ambacho hakikuonekana tangu miaka ya 1960. Watu wa mialo walihamishwa na maji, na mwezi wa Aprili kisiwa cha matete kilichokatika kikaelea hadi kwenye mitambo ya Nalubaale, nchi nzima ikaingia giza. Ziwa hilo hilo lina kichocho karibu na fuko zake. Mtoto anayecheza majini kila siku atahitaji dawa, na mzazi anayehamia huko alijue hilo kabla ya kumwonyesha mtoto maji.

Kazi ndiyo nguvu ya Jinja. Mji huu ulijengwa kwa umeme. Malkia Elizabeth wa Pili alifungua bwawa la Owen Falls, ambalo sasa ni Nalubaale, mwaka 1954, na viwanda vikaufuata umeme huo: nguo za Nytil, bia ya Njeru ng'ambo ya mto, tanuru la kuyeyusha shaba iliyokuja kwa reli kutoka Kilembe. Walukuba ilijengewa nyumba za wafanyakazi. Kakira, shamba na kiwanda cha sukari cha ukoo wa Madhvani, kilikuwa kimeshatangulia tangu miaka ya 1930. Halafu Agosti 1972 Idi Amin akawapa Waasia siku 90 kuondoka. Majumba ya Main Street yakabaki na namba za bodi ya serikali iliyosimamia mali zao milangoni, mashine zikakosa vipuri, na Jinja ikalala kwa muda mrefu. Ukipita leo mbele ya baraza zile zenye majina ya Kihindi na miaka ya ujenzi iliyochongwa kwenye saruji, unasoma historia ya mji bila kufungua kitabu.

Mji umeamka, ingawa kwa namna nyingine. Viwanda vya chuma, mafuta ya kupikia, nguo na bia vinaajiri. Utalii wa mto unaajiri pia, japo mto wenyewe umepungua: maporomoko ya Bujagali yalifunikwa na bwawa lililozinduliwa mwaka 2012, na bwawa la Isimba, lililozinduliwa 2019, likameza mawimbi mengine huko chini. Wengi wa wanaoajiriwa na hoteli za kando ya mto ni vijana waliojifunza Kiingereza na kuogelea, na ajira yao hupanda na kushuka na msimu wa wageni. Mfanyakazi wa kiwandani ana uhakika zaidi, ila zamu za usiku ni ndefu na mikataba ni mifupi. Hata hivyo, kwa mtu asiye na mtaji wala shamba, anayetafuta mshahara wa kuanzia maisha, mashariki yote ya Uganda haina mji unaoizidi Jinja.

Kampala nayo iko karibu, kilomita 80 hivi. Ukaribu huo ni neema na ni balaa. Daraja jipya la Nile, lililofunguliwa Oktoba 2018 na lenye urefu wa mita 525, liliondoa msongamano wa juu ya bwawa, lakini halikuondoa ule wa msitu wa Mabira na wa Mukono. Lori moja likipinduka Mabira, safari ya saa mbili inakuwa ya nusu siku. Balaa lenyewe ni la bei. Watu wa Kampala wanaotaka nyumba ya mapumziko wananunua ardhi ya Jinja kwa fedha ya Kampala, na mwalimu wa Bugembe anashindana nao sokoni akiwa na mshahara wake uleule.

Chakula ndicho udhaifu wa Jinja. Busoga, eneo linaloizunguka Jinja, ina udongo mzuri na mvua ya kutosha, lakini sehemu kubwa ya mashamba kuanzia Kakira hadi Mayuge, Luuka na Kaliro imejaa miwa. Mwenye ekari mbili anazikodisha zote kwa miwa, analipwa mara moja, na kwa miezi mingi inayofuata ananunua posho dukani kama mtu wa mjini. Bei ya miwa ikishuka, familia inabaki na deni na shamba ambalo haliliki. Watoto wanaacha shule kwenda kukata na kupakia miwa. Hili linaniuma kuliko yote ninayoyaeleza hapa, kwa sababu Busoga ilikuwa ikilisha watu. Anayehamia Jinja anakutana nalo sokoni: matoke mazuri yametoka Mbale au magharibi, mboga zimetoka mbali, na vya karibu ni samaki, viazi vitamu na mihogo. Anakutana nalo barabarani pia, jioni, trekta za miwa zenye matela mawili zikitembea bila taa kati ya Kakira na Musita. Aliyenunua nyumba upande huo na kufanya kazi mjini asiendeshe usiku bila lazima.

Sasa twende Mbale. Kutoka Jinja unafika Iganga, unakunja Nakalama kushika barabara ya Tirinyi, unapita mashamba ya mpunga na mabonde ya papirasi, na mlima unaanza kuonekana kabla ya mji. Wanale imesimama nyuma ya Mbale kama ukuta, na nyuma yake Elgon, ambao wenyeji wanauita Masaba, unapanda hadi mita 4,321 kwenye kilele cha Wagagai.

Mji huu ni wa watu wa asili tofauti tangu mwanzo. Jenerali Semei Kakungulu, mtu wa Buganda, aliuanzisha mwanzoni mwa miaka ya 1900 akafungua barabara na kupanda miti. Wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu walikuwa wakipita sehemu hizo wakifuata pembe, Wahindi wakafungua maduka, Wanubi wakabaki. Kakungulu mwenyewe alijitenga na kanisa mwaka 1919 akaanzisha jumuiya ya Abayudaya, Wayahudi wa Uganda, ambao bado wanasali kilimani Nabugoye. Chuo Kikuu cha Kiislamu kiko mjini humo tangu 1988. Ndiyo maana mgeni haonekani mgeni Mbale. Msomaji wa Kiswahili atafurahi kujua kwamba sokoni Mbale atanunua, atapatana bei na kuulizia njia kwa Kiswahili bila mtu kumshangaa, kwa wepesi kuliko Jinja na kwa wepesi mkubwa zaidi kuliko Kampala. Mpaka wa Kenya uko karibu, na biashara imefanya kazi ambayo uamuzi wa baraza la mawaziri wa 2022, wa kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima, bado unajitahidi kuifanya kwingineko.

Kwa chakula, Mbale haina mpinzani. Mteremko wa Elgon una udongo wa volkano, na kila asubuhi soko kuu linapokea matoke, vitunguu, kabichi, karoti, maharage, na malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa ambayo Wagisu, wenyeji wa eneo hili la Bugisu, hupika kwa karanga. Simama mlangoni saa kumi na mbili asubuhi uangalie akina mama wanavyopanga mafungu: fungu la nyanya la bei ya chini ni kubwa, na hakuna anayekuuzia nyanya moja moja. Mwalimu yule wa milioni 4, au muuguzi wa mshahara mdogo kuliko huo, atakula vizuri zaidi Mbale kwa fedha ileile. Kwa familia yenye watoto watano tofauti hiyo inalipa ada ya mtoto mmoja.

Kazi za Mbale ni za biashara kuliko za mshahara. Kahawa ya arabika ndiyo iliyoujenga mji. Chama cha ushirika cha Bugisu kilikuwa na nguvu miaka ya 1950 na 1960, kikadhoofika, na leo kahawa inanunuliwa na wengi, wakulima wakijipanga upya katika vyama vidogo. Bidhaa zinazoshuka Mombasa zinaingia kupitia Malaba na Busia, na Tororo haifiki kilomita 50 kutoka Mbale. Kwa hiyo duka la jumla la Mbale linalisha Soroti, Kumi, Kapchorwa na Karamoja. Eneo la viwanda la Wachina lililofunguliwa 2018 limeongeza ajira za mshahara, ambazo Mbale ilizikosa kwa muda mrefu. Mwenye mtaji mdogo na miguu myepesi atafanikiwa haraka zaidi Mbale kuliko Jinja. Asiye na mtaji atasota.

Kwa matibabu Mbale imeipita Jinja katika jambo moja kubwa. Hospitali ya CURE inapasua watoto wenye maji kichwani na mgongo wazi, na madaktari wa nchi nyingine huja kujifunza pale njia iliyobuniwa papo hapo na Dk. Benjamin Warf na wenzake ya kutibu maji kichwani bila kumwekea mtoto mrija wa kudumu. Hospitali ya rufaa ya Mbale nayo inafundisha madaktari wa Chuo Kikuu cha Busitema. Mzazi mwenye mtoto wa maji kichwani au mgongo wazi hana haja ya kusoma makala hii, jibu lake ni Mbale.

Halafu kuna maji, na hapa ndipo Mbale inapotisha. Usiku wa kuamkia Julai 31, 2022 mvua ilinyesha milimani, na mito ya Nabuyonga na Namatala, ambayo siku za kawaida mtoto anaivuka, ikafurika katikati ya mji. Zaidi ya watu 20 walikufa. Magari yalibebwa, mabomba yakakatika, na mji uliozungukwa na mito ukakosa maji safi. Mtaa wa Namatala, ambako maskini wanapanga chumba kimoja kimoja, ulikuwa ndani ya maji. Huko juu mlimani ni maporomoko ya ardhi: Nametsi wilayani Bududa, Machi 2010, Bukalasi, Oktoba 2018, Bulambuli, Novemba 2024. Kila mara serikali huhamisha watu, wengine hadi Kiryandongo, wengine Bunambutye, na kila mara baadhi yao hurudi. Wanarudi kwa sababu shamba la mlimani linazaa na makaburi ya baba zao yako kule, na kwa sababu Bugisu haina ardhi nyingine ya kuwapa.

Ardhi ndiyo fundo la Mbale. Ukoo mmoja umegawana mteremko mmoja kwa vizazi vingi, na mtoto wa leo anarithi upana wa matuta machache. Anayeuza mara nyingi hauzi peke yake: nyuma yake kuna ndugu ambao hawakuulizwa. Mgeni anayenunua nje ya mji ananunua pamoja na ugomvi huo. Mjini, Senior Quarters na Indian Quarters, ardhi ina hati lakini ni ghali, na sehemu ya bei nafuu iliyobaki tambarare ni ileile ambayo mto unaidai.

Na kuna imbalu. Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, tohara ya Wagisu hufunguliwa Mutoto mwezi wa Agosti, na kwa miezi kadhaa ngoma, mbio na michango huingia kila nyumba. Mimi naona ni moja ya mambo makubwa ya kiutamaduni yaliyobaki hai nchini mwetu, na mtoto anayekua akiliona anajua yeye ni nani. Lakini lina gharama zake. Familia inatumia akiba kwa sherehe, shule zinapoteza wanafunzi kwa wiki kadhaa, na mwanamume wa Kigisu aliyekwepa kisu atatafutwa hata akiwa na cheo. Mgisu anayerudi kutoka Boston na watoto wa kiume azungumze nao mapema, kabla ya wajomba kuzungumza nao.

Miji mingine nitaipita haraka. Iganga ni ya bei nafuu na iko njia panda, lakini inaishi kwa wasafiri. Tororo ina saruji na mwamba wake mrefu, na anayefanya biashara ya mpakani asiidharau. Busia na Malaba zinampa mtu fedha ya haraka pamoja na kelele za malori usiku kucha. Kapchorwa ina baridi nzuri na malaria kidogo, na ndiko walikotoka wanariadha Stephen Kiprotich na Joshua Cheptegei, ila ukiugua usiku Mbale iko mbali. Soroti ina ardhi pana, watu wakarimu na kiangazi kikali. Mstaafu mwenye ng'ombe wachache anaweza kuishi huko kwa amani kuliko Jinja na Mbale zote mbili.

Malaria ni ya kote, isipokuwa mlimani juu. Busoga ni kati ya sehemu za nchi zinazoumia zaidi. Chandarua na wavu wa dirishani viingie kwenye bajeti ya nyumba kabla ya vigae.

Nikiyapima yote, naona kosa ambalo wengi wanalifanya ni kufikiri kwamba wanachagua mji. Mtu wa kilima cha Wanyange na mtu wa chumba cha kupanga mtaani Masese wote wana anwani ya Jinja, lakini mmoja analala akisikiliza upepo na mwingine analala akisikiliza kama maji yamefika mlangoni. Mtu wa Senior Quarters na mtu wa Namatala wote ni wa Mbale, na Julai 2022 mmoja aliamka akasoma habari na mwingine akawa ndiye habari. Umbali kati ya mitaa hiyo ndani ya mji mmoja ni mkubwa kuliko umbali kati ya miji yenyewe. Wamarekani wanapima jimbo kwa jimbo kwa sababu sheria zao ziko hivyo. Sisi tupime kiwanja kwa kiwanja.

Na kiwanja kina mambo ambayo sheria inataka. Katiba ya 1995 inatambua milki za aina nne, na nje ya mitaa iliyopimwa ya Jinja na Mbale utakutana zaidi na ardhi ya kimila. Ardhi ya kimila ni halali, lakini inahitaji mashahidi wa ukoo, mipaka iliyokanyagwa na majirani, na idhini ya mke au mume wa anayeuza ikiwa familia inaishi au inakula kutoka hapo. Muhuri wa mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, ni ushahidi kwamba watu walikuwepo, hautoi hati. Penye hati, ofisi za ardhi za kanda ziko Jinja na ziko Mbale, na utafutaji wa hati hufanywa huko kwenye daftari lenyewe, si kwenye nakala aliyoikunja dalali mfukoni. Ndugu walioko nje wanaibiwa kwa sababu wanatuma fedha kwa anayewapenda badala ya kumtuma mtu daftarini. Upendo wa shangazi haubadilishi jina lililoandikwa pale.

Kwa hiyo anayeniuliza leo nitamjibu hivi. Kijana anayetafuta mshahara aende Jinja, apange Bugembe au Wanyange juu, asinunue kitu kwa miaka miwili ya kwanza. Familia ya mtumishi wa serikali yenye watoto wengi na mshahara usiobadilika ikipata nafasi ya kuchagua kituo ichague Mbale, ikae mbali na mito. Mfanyabiashara, Mbale. Anayejenga kwa fedha za nje kwa ajili ya uzee wake, Wanyange panafaa, ilimradi awe nje ya mita 200 za ziwa na awe na hesabu ya ukuta wa udongo. Asiye na uhakika wa hati aendelee kupanga, na hakuna aibu katika kupanga.

Kabla ya kulipa, mwombe mtu unayemwamini aende kwenye kiwanja hicho Aprili au Mei, mvua ikiwa imetoka kunyesha, asimame na majirani wawili bila dalali, awaulize maji yalifika wapi mwaka 2020 kama ni Jinja, na Julai 2022 kama ni Mbale. Watakuonyesha kwa kidole.